Matende, mabusha na mbwa: jinsi ya kutafuta makala ya tiba kwa vichwa vya mada

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya Kaunti ya Lamu, na kwa sasa ninajiendeleza kimasomo. Mada yangu ni ukubwa wa tatizo la matende na mabusha kwa wavuvi wa visiwa vyetu. Nilifungua PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya taarifa za makala ya tiba, nikaandika kwa Kiingereza sentensi nzima, 'prevalence of elephantiasis and hydrocele among fishermen in Lamu', nisipate kitu cha maana. Nikaandika 'filariasis', yaani maradhi ya minyoo ya filaria, peke yake, yakaja maelfu ya makala, mengine ya mbwa. Msimamizi wangu ananiambia nitumie MeSH. Mwenzangu aliyekwisha kuhitimu anasema MeSH ni mambo ya zamani, mashine za siku hizi zinaelewa zenyewe. Nimeshaandika katika pendekezo langu kwamba hakuna utafiti uliofanywa Lamu. Je, niko sawa? Na hiyo MeSH itanisaidia nini hasa?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile la pendekezo, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuponza: usiandike kwamba hakuna utafiti uliofanywa Lamu. Upo, na baadhi yake una umri wa zaidi ya miaka 60. Ulichokithibitisha hadi sasa ni kwamba sentensi moja, iliyoandikwa kwa namna moja, haikuleta kitu, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Mtahini anayeijua pwani atalisoma dai hilo na kuanza kuitilia shaka kazi yako yote, hata ile uliyoifanya kwa uangalifu.

Tuangalie kwanza sentensi yako ilifanywa nini. PubMed haiisomi sentensi kama msimamizi wako anavyoisoma. Huyaacha maneno madogo madogo ya kuunganishia, kisha huyachukua yaliyobaki na kuyafunga pamoja kwa sharti la AND, yaani kila moja lazima lipatikane katika taarifa za makala yale yale. Kwa hiyo uliomba makala yanayotaja kiwango cha ugonjwa, na matende, na mabusha, na wavuvi, na Lamu, yote kwa mpigo. Makala yanayozungumzia mabusha peke yake yakaachwa. Yaliyosema wanaume wa vijiji vya pwani badala ya wavuvi yakaachwa. Yaliyotaja kisiwa cha Pate bila kuitaja Lamu yakaachwa pia. Tena PubMed haitafuti ndani ya makala kamili. Hutafuta katika kichwa cha makala, ikisiri (yaani muhtasari wake), majina ya waandishi na taasisi zao, vichwa vya mada, na taarifa nyingine chache za uchapishaji. Makala yanaweza kuwa na jedwali zima la watu waliopimwa katika vijiji vya Faza na Kizingitini, lakini ikiwa ikisiri imesema Kenya tu, ombi lako halitayafikia.

MeSH, kifupi cha Medical Subject Headings, ni orodha ya vichwa vya mada inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1960, wakati watafiti walikuwa bado wanapekua faharasa ya karatasi iliyoanzishwa na John Shaw Billings mwaka 1879. Leo ina vichwa takriban 30,000, nayo hupitiwa upya kila mwaka. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba jambo moja lina jina moja rasmi, waandishi waliite watakavyo. Wewe kazini kwako unalifanya hili kila siku: mgonjwa atakuja na pakiti ya Panadol, mwingine na pakiti ya kampuni nyingine, lakini kitabuni unaandika parasetamoli, na ukitaka kujua akiba iliyobaki unahesabu parasetamoli bila kujali rangi za pakiti. Ndivyo ilivyo hapa. Mwandishi mmoja ataandika "lymphatic filariasis", mwingine "bancroftian filariasis", wa tatu "filarial elephantiasis", na wote watatu watawekwa chini ya kichwa kimoja, "Elephantiasis, Filarial". Anayetafuta kwa kichwa hicho hahitaji kubahatisha kila mwandishi alipenda jina gani.

Sasa kuhusu mbwa. Vichwa vya MeSH vimepangwa katika matawi, kutoka jambo pana kwenda jambo finyu. "Filariasis" ni tawi, na chini yake kuna vijitawi: matende yatokanayo na filaria, usubi unaopofusha macho, loiasisi, na dirofilariasisi, ambayo ndiyo minyoo ya moyo ya mbwa. Ulipoandika neno lako, PubMed ililitambua kuwa ni kichwa cha mada, ikalifungua tawi lote pamoja na vijitawi vyake, kisha ikaongeza makala yoyote yenye neno hilo lenyewe. Ilifanya ilichoombwa. Waainishaji wa makala wana kanuni ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi, nayo ni kwamba makala huwekewa kichwa finyu kabisa kinachoyafaa, wala hayawekewi tena kile kipana kilicho juu yake. Makala ya usubi hupewa kichwa cha usubi, basi. Ndiyo sababu mashine hulazimika kulifungua tawi zima kila unapotaja jambo pana, na ndiyo sababu wewe unapaswa kushuka hadi kijitawi kinachokuhusu. Ukishuka hadi "Elephantiasis, Filarial", mbwa walio wengi wataondoka wenyewe bila wewe kuwafukuza.

Na usiwafukuze. Najua kishawishi cha kuandika NOT na neno la mbwa, au kubonyeza kichujio cha binadamu pekee. Kwa mada yako hilo lingekuwa kosa. Mwaka 1958 wanasayansi walieleza mnyoo mpya wa jamii ya filaria waliouona katika mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate, na mnyoo huo, ambao leo unaitwa Brugia patei, ulipewa jina la kisiwa chenyewe. Mwaka uliofuata, 1959, kulichapishwa uchunguzi wa filaria kisiwani humo humo Pate. Huu ndio msingi wa fasihi ya ugonjwa huu kwenu. Ukiwakataza mbwa, unamtupa nje Brugia patei. Na ukitafuta Lamu peke yake, uchunguzi wa 1959 hutauona, kwa kuwa kichwa cha makala yake kinataja Pate na Kenya.

Jambo linalofuata huwakwaza hata watafiti wazoefu, na kwa mada yako ndilo kubwa kuliko yote. Mabusha hayako katika tawi hilo. Wewe na wazee wa Siyu mnajua kwamba kwenu matende na mabusha mara nyingi huletwa na mnyoo mmoja, Wuchereria bancrofti. MeSH, hata hivyo, imekiweka kichwa cha "Testicular Hydrocele" miongoni mwa magonjwa ya viungo vya uzazi vya mwanamume, na ina sababu ya kufanya hivyo: busha linaweza kuletwa na mambo mengine, na hata mtoto mchanga huweza kuzaliwa nalo. Matokeo yake ni kwamba unaweza kulifungua tawi lote la filaria hadi mwisho wake usilikute busha. Makala ya daktari wa upasuaji anayelinganisha njia mbili za kulitibu huenda yakawa na kichwa cha busha bila kichwa chochote cha filaria. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ulimwenguni wanaume milioni 25 wana mabusha yatokanayo na filaria, ilhali wenye uvimbe wa matende ni milioni 15. Anayetafuta kwa kichwa cha matende peke yake, halafu akaandika kuhusu wanaume, anaiacha nje sehemu kubwa zaidi ya mzigo wa ugonjwa. Vichwa hivyo viwili sharti uvitaje vyote, na uviunganishe kwa OR, yaani hiki au kile. Sharti la AND, ambalo PubMed iliyafungia maneno ya sentensi yako, ndilo lililokunyima makala.

Kuhusu mahali, MeSH ina kichwa cha Kenya, lakini haina Lamu wala Malindi. Majina ya miji na visiwa hutafutwa kwa maneno ya kawaida, na hapo lazima uijue historia ya utawala wa pwani. Makala yaliyoandikwa kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013 yatasema Mkoa wa Pwani, yaani "Coast Province", na yataitaja Wilaya ya Malindi, ambayo leo iko ndani ya Kaunti ya Kilifi. Andika Lamu, Pate, Faza, Siyu, Manda, Malindi, Kilifi, Tana River na hilo jina la mkoa, yote kwa OR. Uwe macho na mtego mmoja: ukiliandika jina la mahali bila kuliwekea mpaka, PubMed italitafuta hata katika anwani za waandishi. Kilifi ina kituo kikubwa cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kinachoshirikiana na shirika la Wellcome la Uingereza tangu 1989, kwa hiyo neno Kilifi lisilo na mpaka litakuletea makala ya malaria, nimonia na mengine mengi yaliyoandikwa na watu wanaofanya kazi hapo, hata kama wagonjwa walikuwa kwingine. Pate nayo itakuletea waandishi wenye jina hilo. Dawa yake ni ndogo: baada ya kila jina andika herufi tiab ndani ya mabano ya mraba, na utafutaji utaishia kwenye kichwa cha makala, ikisiri na maneno muhimu yaliyotolewa na mwandishi.

Nije kwa mwenzako. Anayo sehemu ya ukweli, na ningependa umsikilize kwa sehemu hiyo. Tangu mwaka 2022, kazi ya kuyapa makala vichwa vya MeSH hufanywa hasa na programu ya kompyuta, na wataalamu hukagua na kusahihisha baadhi yake. Zamani makala yangeweza kungoja kwa muda mrefu kabla ya kuainishwa, sasa hayangoji. Lakini angalia mashine hiyo inafanya nini: inaandika vichwa vile vile vya MeSH. Hata ulipoandika neno moja kisandukuni, PubMed ilikwenda kwanza kwenye MeSH kutafuta kichwa kinacholingana nalo. Mwenzako anaitumia MeSH kila siku bila kuiona, na kwa kuwa haioni, hawezi kujua inapomchukulia neno lake sivyo. Fungua ukurasa wa utafutaji wa kina, ubonyeze maelezo yaliyo mbele ya kila ombi ulilotuma, nawe utaona ombi lako limegeuzwa kuwa nini, neno kwa neno. Ningemwomba kila mwanafunzi ausome ukurasa huo kabla ya kusoma makala hata moja. Ujue pia kwamba programu hiyo inategemea zaidi kichwa cha makala na ikisiri, kwa hiyo jambo lililozungumzwa kwa kina ndani ya makala lakini likaachwa katika ikisiri linaweza lisipate kichwa.

Msimamizi wako naye yuko sawa, ila ikiwa alimaanisha utumie MeSH peke yake, hapo sikubaliani naye. Si kila kilichomo PubMed kina vichwa hivyo. Majarida yaliyochaguliwa kuingia MEDLINE, ambayo ni sehemu kubwa ya PubMed, ndiyo makala yake huainishwa, na majarida mengi ya Afrika hayamo. Makala yao hupatikana kwa maneno tu. Vichwa vipya navyo huchelewa kuzaliwa: kichwa cha COVID-19 kiliingia katika orodha ya mwaka 2021, ilhali dunia ilikuwa imeuandika ugonjwa huo mwaka mzima. Na vile vichujio vya binadamu, jinsia na umri vinavyobonyezwa kirahisi upande wa ukurasa, hutegemea MeSH. Ukivibonyeza, makala yasiyoainishwa hutoweka kimya kimya, nawe utadhani hayapo.

Kwa hiyo jenga ombi lako kwa makundi, kila kundi likiwa na vichwa vya MeSH pamoja na maneno ya kawaida. Kundi la kwanza ni la ugonjwa: kichwa "Elephantiasis, Filarial", kichwa "Testicular Hydrocele" na kichwa "Wuchereria bancrofti", halafu maneno "lymphatic filariasis", "bancroftian", "elephantiasis" na "brugia", na "hydrocele" kwa tahajia zote mbili, maana baadhi ya waandishi, hasa wanaofuata tahajia ya Uingereza, huandika "hydrocoele". Uvimbe wa limfu nao una "lymphedema" na "lymphoedema". Viunganishe vyote kwa OR na uvifunge kwa mabano. Kundi la pili ni la mahali: kichwa cha Kenya, neno Kenya, na majina yale ya pwani, kwa OR. Kisha unganisha makundi haya mawili kwa AND, uishie hapo kwanza. Andika AND na OR kwa herufi kubwa, na usisahau mabano, kwa kuwa PubMed huyasoma masharti haya kutoka kushoto kwenda kulia na bila mabano itaunganisha usichokusudia.

Utaniuliza wavuvi wako wapi. Wamebaki nje kwa makusudi. Ukilitia neno la wavuvi sasa hivi utabaki na makala machache mno, kwa sababu watafiti wa filaria mara nyingi huhesabu kijiji kizima, na wavuvi wamo ndani ya hesabu hiyo bila kutajwa katika ikisiri. Soma kwanza vichwa vya makala yote ya Kenya. Fasihi ya filaria ya nchi yetu si kubwa kiasi cha kumshinda mtu mmoja. Vivyo hivyo usiutie ukubwa wa tatizo kama sharti, ingawa MeSH ina kichwa cha "Prevalence" na pia kichwa kidogo cha epidemiolojia kinachoweza kuning'inizwa kwenye jina la ugonjwa. Vichwa vidogo hivyo ni vizuri ukiwa na makala elfu kadhaa. Kwa mada ya kaunti moja vitakupunja.

Ukipata makala moja yanayokufaa hasa, shuka hadi chini ya ukurasa wake utazame yamepewa vichwa gani. Kilichowekewa nyota ndicho mada kuu ya makala. Huenda ukaona kichwa ambacho hukukifikiria, kama vile "Mass Drug Administration", yaani ugawaji wa dawa kwa jamii nzima, ambacho kwa Lamu kina uzito wake, kwa kuwa mwaka 2018 kaunti yenu ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kupewa dawa tatu za filaria kwa pamoja. Makala ya kabla ya ugawaji huo na ya baada yake hayawezi kuwekwa katika jedwali moja bila maelezo. Kiongeze kichwa hicho katika kundi la ugonjwa kama una haja nacho, kisha utafute tena.

Usiishie PubMed. Embase, hazina nyingine ya makala ya tiba, ina msamiati wake, Emtree, ambao vichwa vyake havilingani na vya MeSH, kwa hiyo ombi lako halihamishwi kama lilivyo. Lakini ni ya kulipia, na chuo chako huenda hakina. African Journals Online, iliyoko Afrika Kusini, haina gharama kuipekua, nayo hubeba majarida ambayo PubMed haina. Huko andika maneno ya kawaida mafupi, jina la ugonjwa na jina la mahali, ukirudia kwa kila tahajia. Kwa makala kamili yanayodai malipo, muulize mkutubi wako kama taasisi imesajiliwa katika Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji. Usilipe kwa mfuko wako kabla ya kuuliza hilo.

Mambo mawili hayafai kumalizwa kwa barua. Ikiwa kazi yako ni mapitio ya kimfumo, yale ambayo kila hatua ya utafutaji huchapishwa ili wengine waweze kuirudia, unahitaji mkutubi wa tiba aketi nawe na alikague ombi lako kabla hujaanza kuchuja makala. Kulirekebisha baada ya kuchuja ni kuanza upya. Anza na mkutubi wa chuo ulichojisajili, na kama ni mbali, ulizia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kama wanaweza kukupokea. Nenda na ombi lako likiwa limeandikwa kama lilivyotumwa, tarehe uliyolituma, idadi ya makala yaliyokuja, na makala mawili au matatu unayoyajua kuwa ni ya lazima. Jambo la kwanza mkutubi atakalolitazama ni kama ombi lako limeyaleta hayo; lisipoyaleta, mtatafuta pamoja ni kichwa gani kimekosekana.

La pili ni la zahanati yako. Mgonjwa mwenye busha au mguu uliovimba huhudumiwa kwa mwongozo wa Wizara ya Afya na kwa rufaa ya kwenda kwa afisa wa tiba au daktari wa upasuaji. Ikisiri uliyoikuta usiku PubMed, hata ikiwa imeainishwa vizuri kiasi gani, haitoshi kubadilisha dawa ya mtu. Ukiona makala yanayopingana na unachofanya, chukua makala kamili uyapeleke kwa msimamizi wa magonjwa ya filaria wa kaunti, myasome pamoja.